Siku Niliyochomoa Waya wa Msumeno

Mume wangu alikuwa seremala hapa Kitomanga. Katika vyombo vyake vyote alipenda zaidi msumeno wa umeme wa kukatia pembe, ule unaoushusha kwa mpini juu ya ubao. Alinifundisha kuutumia baada ya kumwoza binti yetu, nyumba ilipobaki na sisi wawili. Ubao uegemee ukingo wa mashine, usiache mwanya. Mkono unaoushika ukae mbali na meno. Washa, subiri meno yashike kasi, ndipo ushushe polepole. Ukishakata, achia swichi, na usiinue mpaka yasimame kabisa.

"Hii mashine haina rafiki," alikuwa akisema. "Haimjui fundi wala mke wa fundi."

Kisukari kilimwanza miguuni. Kandambili zilimtoka miguuni njiani naye akaendelea kutembea bila kujua. Kisha kikahamia kwenye vidole vya mikono, lakini hilo hakuniambia. Nilianza kushtuka nilipoona fremu zake. Pembe zilizokuwa zikifunga kama zimeota pamoja sasa ziliachia nafasi, naye akawa anaziba kwa gundi na unga wa mbao.

"Mbao mbichi hizi," akasema.

Nikaitikia, ingawa mbao zile nilizianika mwenyewe kiangazi kizima.

Asubuhi moja tulikuwa tukitengeneza dirisha la madrasa. Akapima, akachora mstari, akawasha. Mimi nilikuwa nimeshikilia upande wa pili wa ubao. Nikaona kidole gumba chake kimelala juu ya mstari, chini ya meno kabisa, na mkono wa kulia umeanza kushusha. Nilipiga kelele, mashine ikaimeza sauti yangu. Nikaruka, nikachomoa waya ukutani. Meno yakazunguka, yakapunguza mwendo, yakasimama juu kidogo ya ukucha wake.

"Mbona umezima?"

"Tazama mkono wako, baba."

Akautazama, kisha akauondoa taratibu.

"Sikuuhisi," akasema. "Nilidhani uko pembeni."

Akakaa juu ya rundo la mbao. Nikamletea maji, hakuyanywa. Akasema, "Chomeka. Kata wewe."

Nikachomeka, nikaanza kukata.

"Meno yapite nje ya mstari," akanielekeza. "Ukiyapitisha juu yake, yatakula kipimo chako."

Nikaunga pembe ya kwanza, nikampelekea. Akafumba macho, akapitisha kidole kwenye kiungo, akaenda, akarudi, kama alivyozoea siku zote. Kisha akafumbua macho.

"Imefunga?" akaniuliza.

"Imefunga."

"Alhamdulillahi," akasema, akaelekea kwenye mikorosho ili nisimwone uso. Sikumfuata.

Tangu siku hiyo hakuingia tena kwenye karakana. Alikaa barazani akisikiliza, na nikiinua mpini mapema, alikohoa kwa nguvu. Alifariki mwaka uliofuata, wakati mikorosho inachanua. Dirisha la madrasa alikuwa hajawahi kwenda kuliona.

Watu bado wanakuja kumuulizia fundi. Nikiwaambia kazi naifanya mimi, baadhi yao huniombea subira, wakaaga kwa adabu na kwenda zao. Wanaobaki nawapimia, nawakatia. Wakishaondoka nakaa kwanza barazani, pale alipokuwa akikaa, maana nyumba inakuwa kimya sana.