Sauti Iliyobaki Kivukoni

Mume wangu Massoudi alinifukuza kwa sababu ya sauti. Aliwaambia majirani zetu wa mtaa wa Jabe kwamba nikiomba chumvi tu, mtaa mzima unadhani kuna moto. Nyumba ile niliibebea matofali kwa kichwa changu. Alibaki nayo, akaoa mwanamke anayenong'ona.

Sauti hiyohiyo ikanipa kazi. Kwenye kivuko chetu cha mto Rusizi, upande wa Gatumba, mzee Atumani alikuwa na mtumbwi mkubwa wa mbao, na masikio yake yalikuwa mazito. Akiwa ng'ambo, wasafiri wa upande huu walipiga miluzi, wakapunga vitambaa, wapi! Siku moja nilisimama kati yao na ndoo yangu ya nyanya, nikaita mara moja: "Atumaniii! Watu wako hukuuu!"

Mzee akageuza kichwa. Alipofika, aliniangalia kama mtu aliyeokota kitu.

"We mama unaitwa nani?"

"Sikuzani."

"Kesho usilete nyanya, Sikuzani. Leta sauti tu."

Basi nikawa mwita mtumbwi. Nilimwita mzee, niliwaita wauza mawese waliokuwa bado barabarani, niliwaonya waogaji kiboko akitoa pua. Jioni nilirudi kwenye chumba nilichopanga, nikakaa kimya. Mle ndani hapakuwa na wa kuita.

Lakini mtumbwi ulizeeka pamoja na mwenyewe. Maji yaliingia, tukayachota kwa kopo, na abiria wakaanza kuzungukia darajani kwa pikipiki. Waliobaki walinitania: "Mama Sikuzani, leo tunavuka ao tunazama?"

Ndipo Uthmani, mtoto wa mzee, akaleta boti ya moteri. Alisema bila moteri kivuko kitakufa, na hapo hakukosea.

"Na mi?" nikamuuliza.

"We ndiyo kivuko chenyewe, tanti," akacheka. "Njoo uite ndani ya telefone yangu, nisikie vile inatoka."

Niliamini. Nilivaa hata kitenge changu kizuri. Akanisogezea telefone mdomoni, nami sikujua kama imeshaanza kushika sauti, nikamuuliza, "Nianze?" Akaitikia kwa kichwa. Nikaita kwa nguvu zangu zote: "Vukeni! Boti inaondoka!"

Asubuhi iliyofuata nilikuta kipaza sauti kimefungwa juu ya nguzo, kama kile cha wauza dawa ya panya pale sokoni Jabe. Nami nilikuwa ndani yake, naita na kurudia.

"Tanti, sasa pumzika," Uthmani akasema huku akifuta moteri yake. "Hii haichoki, na haiombi chakula."

"Ni sauti yangu, Uthmani."

"Si umebaki nayo? Hakuna mutu amekukata koo."

Abiria wakacheka. Mzee Atumani alikuwa amekaa pembeni, juu ya mtumbwi wake uliopinduliwa. Nikamwita kwa jina, kama zamani akiwa ng'ambo, aje aseme neno. Hakugeuza kichwa. Mpaka leo sijui kama yalikuwa masikio ao ilikuwa aibu.

Nimerudi kwenye nyanya. Nikienda kuzinunua ng'ambo, navuka kama abiria, nalipa kama abiria. Na Uthmani hakuukata ule mwanzo. Kutwa nzima pale juu ya nguzo najiuliza mwenyewe: "Nianze? Vukeni! Boti inaondoka!" Halafu tena: "Nianze?" Wageni husikia wakacheka. Wenyeji wamezoea, hawasikii kitu.

Juzi mvua ilikuwa inanyesha, tulikuwa wachache ndani ya boti, tumejifunika plastiki. Kipaza sauti kikauliza tena. Nikakijibu, kwa kunong'ona kama yule mke wa Massoudi:

"Anza."

Mama aliyekaa karibu nami akasogea kidogo, akakumbatia mfuko wake.