Baba Mezani pa Waamuzi

Miaka ile ya mwisho ya Waingereza, shule yetu ya Temeke ilikuwa na desturi ya kufanya mdahalo na shule nyingine kila muhula, Jumamosi mchana. Waamuzi hawakulipwa. Mwalimu wetu alizunguka mitaani kuwaomba watu wazima waliojua kusoma na wenye sifa ya kusema kweli, nao wakapewa chai na maandazi, basi. Muhula nilioingia kwenye timu, msichana peke yangu, aliwapata nesi wa zahanati, mwalimu wa madrasa, na baba yangu, aliyekuwa karani bandarini.

Baba alikubali kabla hajajua kwamba nitasema. Alipojua alitaka kujitoa, lakini mwalimu akamsihi, maana mwingine hakupatikana.

Tulishindana na shule ya Kinondoni. Mada ilikuwa kwamba maji ya kisima ni bora kuliko ya bomba, nasi tukapewa kutetea kisima. Hotuba yangu niliikariri nyumbani mpaka mama akaijua. Siku yenyewe niliitoa bila kukwama. Nikasema maji ya kisima ni baridi, hayana foleni, na hakuna mtu wa kuja kuyafunga. Ukumbi ukapiga makofi. Ndipo mvulana mmoja wa Kinondoni, mwembamba, mwenye sauti ya upole, akasimama kuuliza: mvua ikinyesha, na choo cha jirani kiko karibu na kisima, huwa tunakunywa nini?

Watu wakacheka. Mwenyekiti akanipa nafasi ya kujibu. Mie nikasifu tena ubaridi wa maji.

Waamuzi wakasimama mmoja mmoja kutoa uamuzi. Nesi, ambaye sote tulidhani atapenda bomba, alitupa ushindi sisi kwa jinsi tulivyopanga maneno. Mwalimu wa madrasa akawapa Kinondoni. Ikabaki kwa baba. Nyuma yangu nilisikia mtu akinong'ona kwamba mambo yamekwisha, baba mtu yuko mezani. Baba alisimama, akanyoosha koti lake, hakunitazama.

"Kinondoni," akasema, akakaa.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alitembea mbele yetu. Jioni alimwekea baba chakula bila kumkaribisha, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mimi nilijifanya nimelala, lakini nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na ukuta haukufika juu. Baba alikuwa akieleza kwamba nilisema vizuri ila sikujibu nilichoulizwa, na mdahalo ni kujibu. Mama alimwacha amalize.

"Sikatai," akasema mama. "Nakuuliza kitu kimoja tu. Angekuwa mtoto wa mwenzio, ungempa? Au uliogopa maneno ya watu?"

Nilingoja akane.

"Sijui," akasema. "Nimejiuliza toka tulipotoka pale. Sijui, mke wangu."

Hasira yangu yote iliniishia hapo. Ningeweza kumchukia kwa kunihukumu. Kwa lile neno moja sikuweza. Asubuhi nilimwamkia kama kawaida, naye alipoitikia marahaba sauti yake ilikuwa ndogo.

Alikwenda mwenyewe kwa mwalimu kuomba asiwekwe tena mezani pa waamuzi mwanawe anaposhindana. Mama naye akaja na dawa yake. Muhula uliofuata tulipewa mada ya saa na jogoo, kipi kinamfaa mtu zaidi, nami nikawa upande wa saa. Kila jioni mama alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akawa yeye ndiye mpinzani. Hakuwa na huruma. Nikisema saa haikosei, ananiuliza kwa nini basi baba huitazama saa ya jirani kabla ya kuirekebisha yake. Nikikwama, anaendelea kukuna mpaka nipate jibu.

Siku ya mdahalo tulikutana na Kinondoni tena, na yule yule mvulana. Alisema jogoo hahitaji kutiwa ufunguo, humwamsha tajiri na maskini sawasawa. Nikaomba nafasi.

"Na Idi ikifika, mkishamla," nikamwuliza, "kesho yake atawaamsha nani?"

Yeye ndiye aliyecheka wa kwanza, na hilo nimempendea mpaka leo. Waamuzi wote watatu walitupa ushindi. Baba alikuwa benchi la nyuma karibu na mama, na aliposimama kupiga makofi kofia yake ilianguka, akaikanyaga bila kujua.

Tulirudi kwa miguu sote watatu. Hatujafika mbali baba akaanza. Alikiri kwamba nilisema vizuri sana, lakini ile hoja ya tajiri na maskini niliiacha hivi hivi, na mwamuzi mkali angeiona. Kwani maskini atapata wapi saa? Nikamjibu. Akanijibu. Nikamjibu tena, na sauti zetu zikapanda mpaka watu waliokaa barazani wakatugeukia.

"Nyie," mama akasema, "tembeeni. Mboga yangu bado iko mbichi."

Tukatembea, tukibishana kwa sauti ya chini.