Mfunua Kurasa Asiyejua Nota

Nilianza kumshuku Mwalimu siku aliponiomba nikamfunulie kurasa kwenye tamasha. London nzima hii imejaa watu wanaosoma nota, wengine wanazisoma hadi usingizini, halafu anichague mie, mpiga pasi wake! Nota kwangu ni mavi ya nzi kwenye karatasi. Nikajisemea, hapa pana jambo.

Mwalimu ni Mhindi wa Mombasa, kazeekea Harrow akifundisha piano na kuwapigia waimbaji. Mwimbaji anasimama mbele na gauni lake, yeye pembeni anapiga, makofi wanagawana. Wanafunzi aliowafundisha ukiwapanga foleni wanafika Tooting, ng'ambo ya mji. Mie nilikuwa naenda kwake Jumanne na Ijumaa, kudeki na kupiga pasi, mpaka miziki yake nikawa naipiga mluzi yote.

"Mwalimu, mbona mie? Wanafunzi wako je?"

"Wanafunzi wana macho, dada. Tena wana mdomo."

"Mdomo? Mie nikinyamaza dakika tano watu wanaita ambulensi!"

"Wewe unasema sana, lakini nani anakuamini? Nikiinamisha kichwa, unafunua. Basi."

Macho! Nikazidi kushuku. Nikaanza kumchunguza. Glavu ndani ya nyumba, tena kiangazi. Nikiingia na ndoo, anaacha kupiga. Chupa ya jemu ananipa mie nimfungulie. Na ule mwimbo ambao mkono wa kushoto ulikuwa unanguruma kama lori la mchanga, sasa lori halipiti. Napiga pasi, nalisubiri, kimya.

Mwimbaji wake naye alikuwa na wasiwasi. Huyu alifundishwa na Mwalimu toka mdogo. Kazaliwa hapahapa London, Kiswahili chake cha kuokoteza. Siku ya mazoezi alinifuata jikoni.

"Anti, mkono wake mzima?"

"Mzima! Juzi kaninyanyua na ndoo yangu."

Hakucheka. Baadaye nikamsikia kwenye korido akiongea na simu, anamuulizia mpiga piano mwingine, kijana. Nikaelewa: Mwalimu akikosea kwenye tamasha, ndiyo kwaheri. Na kuwapigia waimbaji ndiko kunakomwamsha asubuhi, si chai.

Siku yenyewe, mchana, kanisani, nikakaa kushotoni kwake. Akainamisha kichwa, nikaruka kufunua, viatu vikalia kwiyo! "Bado!" akanong'ona, kumbe alikuwa anamwashiria mwimbaji. Nikakaa chini, jasho linanitoka la kujaza beseni. Ndipo nikauona ule mkono. Vidole viwili vya mwisho kavikunja, vimelala kama vifaranga. Palepale karatasini mavi ya nzi yamejaa chungu nzima, na yeye anaokota machache tu. Mwanafunzi angeona nini kimeachwa. Mie nilipaswa nisione kitu.

Makofi yakapigwa, paa likataka kung'oka. Mwimbaji akanivuta nyuma ya mapazia.

"Anti, ulikuwa karibu. Kuna nota kaziacha?"

Nikamwangalia. Nikasema ukweli mtupu.

"Kaacha nusu! Vidole viwili havikufanya kazi kabisa. Kimoja kililala kinakoroma, kingine kilikwenda Barking kununua mihogo, kikarudi wimbo umekwisha!"

Akacheka mpaka wanja ukamtiririka. "Anti wewe, hata kanisani huwezi kusema ukweli?" Akaenda kumkumbatia Mwalimu, nikamsikia anampa tarehe ya tamasha lingine.

Kwenye treni ya kurudi Harrow, Mwalimu kaweka glavu mapajani.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Ukweli wote. Mpaka idadi ya vidole."

Akageukia dirishani. Mabega yanamtikisika, na sijui kama alikuwa analia au anacheka. Tuliposhuka akanishika mkono kwa ule wa kushoto, vidole vitatu.

"Tamasha lijalo," akasema, "utavaa viatu visivyolia."

Mpaka leo namshuku. Nashuku hata lile jibu langu alishalipanga yeye.