Tumbo Langu Mbele ya Wakwe

Mpaka leo, nikipita soko ya Kasuku, kuna mama mumoja muuza chumvi anayenisalimia hivi: "Ramazani, tumbo?" Haulizi habari ya nyumba wala ya watoto, anauliza tumbo, na mimi najibu kwa heshima kwamba tumbo iko muzuri, mama, maana nikikasirika wale waliosimama karibu watataka kujua kuna nini, na yeye atawaeleza, tena anaeleza vizuri kuliko mimi. Afadhali niseme mwenyewe. Aibu ni yangu, na wengine wanaiongezea maneno (eti niliacha suruali njiani; si kweli, suruali nilifika nayo).

Ilikuwa enzi zile za kuitana sitwaye na sitwayeni, yaani raia, wakati wa kuvaa suti ya abakosi bila tai na kuchezea Chama ngoma kila akija mukubwa. Mimi nilikuwa muimbishaji wa animasyo, zile nyimbo za kusifu Chama, katika kartie yetu, mutaa wetu, yule anayesimama mbele, anatoa neno, na wengine nyuma wanaitikia na kutikisa viuno. Niseme ukweli, nilijisikia. Nilikuwa na sauti ya kufika ng'ambo ya Lualaba, na mikono yangu ilikuwa ikienda juu wimbo ukianza haishuki mpaka uishe, na nilikuwa najua kabisa kwamba wanawake wananiangalia.

Sasa, dada yangu mudogo, Zaina, tumbo moja baba moja na mimi, alikuwa ameolewa kule ng'ambo, Alunguli. Ndoa haijazeeka, macho yakaanza kumushuka. Asubuhi anaamuka vizuri, anafagia, anachota maji, lakini jua likipanda kope zinaanguka kama pazia, sauti inaingia puani, mikono inashindwa kuinua muchi wa kutwangia, na nyama anaitafuna nusu anaiacha. Mama mukwe wake, Mama Feza, akaona ni dharau. "Huyu mutoto ananiangalia na nusu jicho," alikuwa anasema. "Asubuhi nguvu iko, kazi ikifika nguvu haiko. Huo si ugonjwa, ni uvivu." Wengine walisema amerogwa. Mwisho wakwe wakatuma neno: wanamurudisha kwetu, na mutoto wake, aliyekuwa ameanza tu kutembea, atabaki kwao. Zaina hakulia mbele ya watu, lakini mimi ni kaka yake, nilijua yule mutoto njo alikuwa anamukata roho.

Basi akaja munganga mumoja wa hospitali kutoka Kinshasa, mupole, mwenye miwani, aliyekuwa anazunguka kutafuta watu wenye magonjwa ya mishipa na nguvu za mwili, yale yasiyoonekana mara nyingi, ili ayachunguze. Alimuangalia Zaina akasema anafikiri anaujua ugonjwa huo, ila anataka kumulinganisha na muntu muzima wa damu moja, ajitolee, afanye yote atakayofanya mugonjwa: kunyoosha mikono, kuangalia juu, kuhesabu kwa sauti. Hakuna kulazimishwa, alisema, na mimi nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza kusema. Aliniambia jambo moja tu. "Kesho kutwa muje wote, na wakwe waje waone. Lakini kesho wewe upumzike. Usilime, usibebe kitu, usiimbe. Lala."

Na hiyo kesho njo ilikuwa siku ya mazoezi ya animasyo pale uwanjani, kwa sababu komisere, mukubwa wa serikali, alikuwa njiani kuja Kindu. Sekretere wa Chama wa kartie, mwenyewe, kwa kinywa chake, alinipa ruhusa. "Sitwaye, nenda ukalale," alisema, "Saidi atasimama mbele."

Saidi! (Saidi anaimba kama muntu anayeita mbuzi.) Nikasema ruhusa ya nini, mimi sijui kuchoka, nitaimba kidogo tu kisha nitaenda kulala. Hiyo kidogo ilianza asubuhi, ikaisha jua linazama, mikono juu, sauti juu, magoti chini, simama, rudia, na usiku sikulala, mwili wote ulikuwa unaniuma. Kulipokucha sauti haikuwapo na mabega yalikuwa yanawaka. Shangazi yetu Mwamini akaniona nimelegea, akasema muntu haendi kwa munganga na tumbo tupu, akanipakulia wali na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaushwa mpaka sahani ikawa kilima. Nilimaliza yote. Nikavaa abakosi yangu ya rangi ya majivu, tukaenda.

Wakwe walikuwa wamevuka mapema na mutumbwi, wamekaa upande wao wa baraza ya hospitali, sisi tukakaa upande wetu. Kwetu, mbele ya mukwe muntu hana tumbo: huli mbele yake, huulizi choo kiko wapi, hata kiu unaificha. Mama Feza alikuwa kiti cha mbele, ameangalia pembeni kama heshima inavyotaka. Sekretere naye alikuja, hakuna muntu aliyemuita, lakini watu wakikusanyika Chama kinakuja.

Munganga akatueleza kwanza. "Ndani ya mwili kuna askari wa kutulinda," alisema. "Kwa ugonjwa huu, wale askari wanakosea. Wanaacha adui, wanapiga watu wao wa nyumbani."

Kila muntu akaanza kuangalia viatu vyake. Sekretere akakohoa. Munganga naye akasikia alichosema, akavua miwani, akaifuta, akaongeza upesi kwamba yeye anazungumzia mambo ya mwili tu.

Akaanza na Zaina. Mikono ikashuka, kope zikashuka, hesabu ikafika katikati ikaingia puani. Kisha mimi, nikanyoosha mikono kwa madaha, na mabega yakakataa. Nilishindana nayo mpaka yakatetemeka, na mikono ikaanguka upesi kuliko ya Zaina. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne, na hapo ikatoka pumzi peke yake. Aliponiambia niangalie juu, usingizi ukashirikiana na wali wa shangazi, kope zikanishuka. Munganga aliacha kuandika, akanisogelea.

Mama Feza, kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile, akaniangalia usoni. "Basi ni ukoo wao," alisema polepole. "Tulioa ukoo wa kulegea. Na mujukuu wangu iko na damu hii."

Zaina akainamisha kichwa. Nilitaka kusema, mama, si ukoo, ni animasyo, lakini sauti haikuwapo, na hata ingekuwapo, Sekretere alikuwa amekaa pale, nani atasema mbele yake kwamba kuchezea Chama kunamaliza nguvu ya muntu?

"Iko sindano moja," alisema munganga. "Mugonjwa inamufungua kwa muda mufupi. Muzima haimufungui kitu, ila tumbo lake..." Mimi nilikuwa nimeshakunja mukono wa abakosi. Akanizuia, akamaliza kunieleza mambo ya tumbo, akauliza tena kama nakubali. Nilikubali bila kusikia hata neno moja.

Tukadungwa wote wawili, tukangoja. Kope za Zaina zikaanza kupanda, zikapanda zote mbili, na macho yake yakawa yale ya usichana wake. Akamugeukia mama mukwe wake, na sauti ikatoka safi: "Mama, sikuwa nakudharau. Macho yalikuwa yanakataa."

Mama Feza akashika mudomo. Mimi huku kope ziko palepale, lakini mate yalikuwa yananijaa kinywani, machozi yanatoka bila kilio, kisha tumbo likanguruma, na mzee mumoja wa upande wa wakwe akaangalia mbinguni kama mvua inakuja. Nikabana. Likanguruma tena, nikabana zaidi, jasho likalowesha kola.

"Sitwaye," aliuliza munganga, mbele ya wote, "tumbo linasumbua?"

Nikatikisa kichwa, hapana. Mbele ya mukwe muntu hana tumbo.

"Kweli? Sindano hii tumbo la muzima inalisumbua. Kama limetulia, itabidi nikuchunguze na wewe kama mugonjwa."

Mama Feza alikuwa ananiangalia, anangoja. Nikamuangalia Zaina na macho yake yaliyofunguka. Nikijitunzia heshima, ukoo wote unalegea na mutoto anabaki ng'ambo. Nikasimama, na ile sauti iliyokuwa imepotea ikarudi yote, sijui ilikuwa imejificha wapi: "Choo kiko wapi?"

Wanasema hata watu wa kivukoni walisikia. Nilikata baraza katikati ya wakwe, mukanda mukononi, nikimuruka yule mzee wa mvua, na nikakaa huko mpaka enfirmie, musaidizi wa munganga, akaja kubisha kama niko muzima.

Niliporudi, nikishika ukuta, Mama Feza alikuwa amefunika uso na kitambaa, mabega yanatikisika. Akajifuta macho. "Huyu ni muzima," alisema. "Muzima kabisa. Ukoo hauna neno. Mutoto wetu njo mugonjwa, na mugonjwa anatunzwa." Akamushika Zaina mukono, wakashuka pamoja mutoni, na vidonge alivyoachiwa na munganga vilikuwa ndani ya kitambaa cha Mama Feza mwenyewe.

Komisere alikuja, Saidi akasimama mbele, akaita mbuzi zake, na watu wakamupigia makofi sana. Mimi nilikuwa nimelala.

Tangu siku ile niliapa: munganga akisema pumzika, napumzika, na akianza kueleza, nasikiliza mpaka mwisho. Zaina bado yuko kwake Alunguli, asubuhi anatwanga, jioni anapumzika, na mama mukwe wake njo anamukatia nyama vipande vidogo. Lakini mimi nasahau. Tukikusanyika kwenye chakula naanza tena kusimulia ile sauti yangu ya zamani na mikono isiyochoka. Zaina ananiangalia juu ya sahani, anashusha kope moja, moja tu, polepole, kwa kupenda kwake mwenyewe, kisha anaipandisha. Nami nasogeza wali karibu, nakula kimya.