Mama Akitafsiri Kule Itaba

Mwezi uliopita nilikwenda Gitega mjini, kwenye mkutano wa vikundi vya amani na haki za watu. Nilitoka Muyinga, ambako mimi na wenzangu tuna kikundi cha akina mama kinachowasindikiza wajane wanaodai mashamba yao. Mlangoni tulipewa vile vidude vya kuvaa masikioni, na ndani yake kulikuwa na sauti ya binti anayetafsiri. Mzee mmoja alisimama mbele akasema kwa Kifaransa kwamba yeye alizaliwa ukimbizini. Yule binti, kwa Kiswahili laini, akaniambia sikioni, "Mimi nilizaliwa ukimbizini." Nilikivua kile kidude nikakishika mkononi. Kwa muda sikumsikia mtu yeyote pale ukumbini. Nilikuwa nimerudi Itaba, nina miaka kama kumi hivi, mdogo wangu nimemfunga mgongoni, namtazama mama akisema maneno ya watu wengine kana kwamba ni yake.

Ngoja nikusimulie, maana huwezi kuelewa bila kujua tulifikaje huko.

Mama alikuwa mzaliwa wa Butihinda, kule Muyinga, karibu kabisa na Tanzania. Vita vilimkuta msichana mkubwa, akavuka mpaka na wenzake, akakutana na baba kambini. Baba yeye alizaliwa Tanzania, kwa sababu wazazi wake walikuwa wamekimbia Itaba zamani sana, wakati wa mauaji ya kwanza, kabla ya vita hivi. Mimi na mdogo wangu wa kike tulizaliwa kambini, na hukohuko baba akaugua akafa. Amani ilipokuja na malori yakaanza kurudisha watu, mama alifunga sufuria na mablanketi, akatupakia, tukashukia Butihinda kwa bibi.

Msimu ule kwa bibi ninaukumbuka kwa harufu. Harufu ya maharage yanayochemka tangu asubuhi, ya majani makavu ya migomba tuliyolalia, ya moshi ulioingia mpaka kwenye nywele. Kazi yetu ilikuwa kuteka maji bondeni na kuchambua maharage mabovu. Bibi hakujua Kiswahili na sisi Kirundi chetu kilikuwa cha kuombea chakula tu. Tukimwambia jambo alikuwa anatuelekea na sikio lake zima, anacheka, halafu anamwita mama. Mama alikuwa anatoka jikoni na mikono ya unga, anasema maneno yetu kwa Kirundi na ya bibi kwa Kiswahili, anarudi kwenye ugali wake wa muhogo. Nadhani ile kazi aliianzia pale, na hakuna aliyeiona kuwa ni kazi.

Kisha akaja baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Alikuwa amekulia Tabora kati ya Wanyamwezi, na Kirundi hakuwa nacho kabisa. Lakini tangu utotoni alikuwa anasikia habari za shamba la baba yake kule Itaba: kahawa, mgomba ulioinama juu ya kijito, udongo mwekundu. Alimwambia mama kwamba sasa yeye ndiye mwanamume aliyebaki, na kwamba tutakwenda kuishi kwetu. Mama akamuaga bibi, tukaondoka.

Tulipofika Itaba tulikuta shamba lina mtu. Alikuwa mama mjane mwenye watoto, amejenga kijumba cha matofali ya udongo, kahawa amezipalilia vizuri. Viongozi wa zamani walimweka pale wakati alipofukuzwa kwenye kilima chake mwenyewe, kama tunavyoita kijiji huku, na mume wake alizikwa nyuma ya ile nyumba. Alitutazama tukishusha mizigo barabarani. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye aliyetuonea huruma akatupa chumba nyuma ya nyumba yake. Tukaanza kuishi pale, tukiliona shamba la babu kila tukienda kuteka maji.

Huyo mwalimu ndiye aliyekuwa anaongoza kikundi cha amani cha kilima. Kila Jumamosi, watu wakishamaliza kazi za jumuiya za kufagia barabara na kuzibua mitaro, walikuwa wanakaa kwenye majani kando ya shule, waliorudi na waliobaki, wanasikiliza ugomvi mmojammoja. Shida yao ilikuwa lugha. Vijana waliokulia Tanzania walikuwa wanaketi pale wanasikia Kirundi kinawapita juu ya vichwa, mtu akicheka wanadhani wanachekwa wao. Jioni moja mwalimu alikuja mlangoni kwetu, akavua kofia.

"Mama, iko shida," alisema. "Mi Kiswahili yangu iko ya sokoni tu. Wale vijana wanaona tunawadanganya. Weye unajua pande zote."

Mama alikataa. Alimjibu kwa adabu kwamba yeye amekuja kutafuta shamba la kulisha watoto, mambo ya vikao awaachie wenyeji. Nafikiri pia aliogopa. Mwanamke mgeni, mjane, asimame mbele ya wanaume wa kilima aseme nini?

Aliyembadilisha mawazo hakuwa mtu wa Itaba. Siku moja tulikwenda soko la Gitega kuuza lengalenga, ile mboga kama mchicha, tukakaa karibu na mama mmoja Mkongomani kutoka Kivu, muuza vitenge. Alikuwa mcheshi, anaongea na kila anayepita, Kirundi chake kimevunjika vipande vipande lakini hajali. Mama akamsimulia kuhusu ombi la mwalimu, kama unavyomsimulia mtu usiyetarajia kumwona tena. Yule Mkongomani akaacha kukunja vitenge.

"We uko na luga mbili, unanyamaza juu ya nini?" akamuuliza. "Mi niko na moja na nusu, na tangu asubuhi sijafunga kinywa."

Mama alicheka njia nzima. Jumamosi iliyofuata alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda.

Mwalimu alimpa sharti moja tu: aseme kila neno kama lilivyosemwa, asiongeze, asipunguze. Mama akalishika kama amri ya Mungu. Kijana akisema "mimi," naye anasema "mimi." Mzee akitukana kidogo, naye anatukana kidogo, huku ameinamisha macho. Sisi watoto tulikuwa tunakaa nyuma ya mikaratusi tukichoma viazi vitamu kwenye majivu, na ilikuwa raha isiyo kifani kumsikia mama anasema, "Mimi mbuzi wangu alikula mahindi, lakini mlango wa zizi ulifunguliwa na mke wangu huyu mkorofi." Watu walikuwa wanacheka, hata mwenye mbuzi. Kisha ugomvi ukiisha, kinaletwa chungu cha pombe ya mtama, wagomvi wawili wanainama na mirija yao, vichwa vinakaribia kugusana. Harufu ile ya mtama uliochacha na ya majani ya mkaratusi, mpaka leo nikiipata mahali najua ni Jumamosi.

Nyumbani mama alikuwa anarudi amechoka kuliko siku ya kulima. Anakunywa maji, anakaa kwenye kizingiti, hataki kuongea lugha yoyote. Tulijifunza kumwacha.

Wakati huo wote kesi yetu ilikuwa inasubiri. Baba mdogo alikuwa amechoka kuishi chumba cha watu, na alianza kusema maneno mabaya, kwamba mvua zikianza atalima lile shamba, awemo mtu asiwemo. Mwalimu akaona bora iletwe. Na hapo ndipo watu walipogundua kwamba mkalimani ni mmoja tu, naye ni wa upande wa wadai. Mwalimu akamwuliza yule jirani, maana ndivyo tulivyokuwa tunamwita yule mjane, kama anakubali maneno yake yapite kwa mama. Alifikiri, akasema amemsikia mama Jumamosi nyingi, na hajawahi kumsikia akimwibia mtu neno. Akakubali.

Siku hiyo sikuchoma viazi. Nilisogea mbele mpaka nikakaa karibu na miguu ya mama.

Baba mdogo alisimama, akasema baba yake alifukuzwa kwenye udongo huu akafa anauota, na yeye hatakufa hivyo. Akamalizia kwamba huyu mama atoke kabla ya mvua. Mama akayasema yote kwa Kirundi, hakuacha hata lile la mvua. Niliona mikono ya jirani inashika nguo yake magotini. Kisha jirani akaongea, polepole, akimpa mama nafasi baada ya kila neno, na mama akamgeukia baba mdogo akasema kwa Kiswahili:

"Mimi ni mjane. Mume wangu amekufa, watoto wangu bado wadogo. Hapa sikuja kuiba, niliwekwa. Ukinifukuza nitaondoka, sina nguvu za kupigana na wewe. Lakini sina pengine pa kwenda."

Jirani aliendelea kuongea, akasimama kidogo kumsubiri mama, na mama hakutafsiri. Mwalimu akamwita. Mama hakugeuka. Nilimwangalia baba mdogo, na usoni pake niliona kwamba hakujua tena nani amemwambia maneno yale. Kwa sababu yote yalikuwa kweli kwa mama yangu pia. Alikuwa mjane. Alikuwa na watoto wa kike watupu. Kwa desturi ya kilima kile, shamba likirudi lingekuwa la baba mdogo, na sisi tungekaa kwa hisani yake mpaka aoe, na mkewe akichoka nasi, basi.

Mama akamwomba mwalimu ruhusa aache kutafsiri kidogo, aseme la kwake. Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Shemeji," alimwambia baba mdogo, "haya ya mwisho ameyasema yeye, na mimi nayasema tena kwa kinywa changu. Ukiweza kumtoa huyu, siku moja utaweza kunitoa mimi. Nataka shamba hili nililime na wewe. Lakini nataka nikae hapa kwa haki yangu na ya watoto wa kaka yako, siyo kwa huruma yako. Na yeye pia."

Halafu akageuka, akajitafsiri mwenyewe kwa Kirundi, neno kwa neno, na sauti ikaanza kutetemeka huko, kwenye lugha ya mama yake. Akina mama waliokuwa wamekaa kwenye majani walianza kuguna mmojammoja, ile "mm" ya kukubali inayotoka kifuani.

Baba mdogo aliondoka. Siku kadhaa hakula kwetu. Mama alimwekea chakula kila jioni na kila asubuhi nilikuwa nakitoa kwenye sahani kikavu. Niliogopa kwamba atarudi Tabora, na niliogopa zaidi kwamba atabaki. Kisha asubuhi moja, mvua za kwanza zimenyesha, alipita uani na jembe begani na fungu la vijiti vya miyenzi, ule mmea wenye maziwa meupe unaopandwa mipakani. Akamwambia mama, "Shemeji, njoo tukamwite mwalimu. Mimi siwezi kumwelewa yule mama peke yangu."

Shamba likagawanywa mbele ya kikundi kizima. Jirani alibaki na nyumba yake, kaburi na kahawa za karibu. Baba mdogo akapata upande wa kijito. Na kipande cha katikati, kidogo lakini kizuri, mwalimu alitamka kwa sauti kwamba ni cha mama na binti zake. Wazee wawili walinung'unika, wakasema desturi inavunjwa. Mama akamtafsiria baba mdogo manung'uniko yao, kama kawaida yake, naye akajibu kwamba ameshakubali. Kikundi kilitusaidia kukanyaga udongo na kufyatua matofali ya nyumba yetu, na jirani alileta maji mengi kuliko wote.

Yote haya yamekwisha. Mwalimu alihamishwa, na baada yake Jumamosi zikapungua, kwanza kwa sababu hapakuwa na kesi nyingi, kisha kwa sababu watu walizoea kutokukutana. Vijana wa Tabora sasa wanaota kwa Kirundi. Baba mdogo mwenyewe akiongea Kiswahili anatafuta maneno. Wanangu nikiwaita kwa Kiswahili wananijibu kwa Kirundi, hawaoni tofauti. Jirani alitangulia kufa, mama akamfuata, na sikuwahi kumwuliza mama siku ile alinyamaza kwa kulia au kwa kufikiri.

Mkutano ulipokwisha sikurudi Muyinga moja kwa moja. Nilipita Itaba. Miyenzi imekuwa mirefu kuliko mtu, sehemu nyingine imekufa na hakuna aliyeipanda tena. Wajukuu wa jirani na watoto wa baba mdogo walikuwa wanaokota maparachichi, wanapita kwenye yale mapengo bila kutazama, wanajaza kikapu kimoja. Wakaniuliza nimepoteza nini pale. Nilitaka kuwaambia. Nikafikiria nianzie wapi, na maneno ya nani niyaseme kwanza. Mkubwa wao akanipa parachichi, akanionyesha mahali pa kukaa, nikakaa.