Pazia Katikati ya Boti

Boti yangu niliinunua Louisville, kutoka kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa ameitelekeza nyuma ya gereji yake mpaka nyigu wakajenga ndani ya injini. Urefu wake futi ishirini na nne. Mbele ilikuwa na kijumba chenye kitanda cha kubanana na choo cha kukalia umekunja magoti. Mzee aliniuliza kama ninajua boti. Nikamwambia nina diploma ya uhandisi wa mitambo, nimefungua injini za watu katika Mto Ohio miaka mitatu, na bado sijakutana na ile ya kunishinda. Akanipa funguo.

Naandika haya nikiwa kwenye roshani ya nyumba yangu ya ghorofa hapa Bungoma, na sioni haya kusema kwamba kila tofali lilitoka mikononi mwangu. Nilifika Louisville na begi moja. Wiki nzima nilikuwa nabeba vifurushi ghalani, Jumamosi najipeleka mtoni kuomba kazi ya kuosha boti. Mwaka wa pili nikaacha kuziosha, nikaanza kuzitengeneza. Kufikia kiangazi cha 2015 nilikuwa nimehamia Buffalo, kando ya Ziwa Erie, boti yangu nikiivuta kwa trela, nami ni fundi mkuu kwenye gati moja la huko, na wenye boti za bei ya hoteli walisubiri kwa adabu nimalize chai yangu.

Mchumba wangu wakati huo aliishi Columbus, upande wa barabara ya Morse, akimalizia masomo ya uuguzi. Mwezi wa Julai mama yake alikuja kutoka nyumbani kwa ajili ya mahafali. Hapo ndipo maisha yangu yalipowekwa mezani. Wajomba wa mchumba walikuwa wamekataa kupokea wazee wangu wa posa mpaka mama anione na alete neno. Kabla yangu alikuwepo mwingine, bwana mmoja wa Texas, aliyetuma picha za nyumba na gari. Mama alipochunguza, nyumba ikawa ya mwajiri na gari la jirani. Tangu siku hiyo hakumwamini mwanamume yeyote aliyepanda ndege. Alikuwa na wiki tatu. Akirudi na jibu la hapana, basi, mimi na binti yake tumekwisha.

Nikaamua kumwonyesha boti. Safari ya siku mbili: tutoke Buffalo asubuhi, tufuate pwani ya Ziwa Erie chini ya magenge mpaka mji mdogo wa Dunkirk, tulale, kesho yake turudi. Upande wa pili wa maji ni Kanada, lakini mama hakuwa na viza ya huko, kwa hiyo tungebana upande wetu. Nilipanga petroli, majaketi ya kuelea, kuku wa kukaanga, chapati, hata kofia ya mama. Nilichosahau ni kwamba mimi ni mtu wa Bungoma.

Kwetu mkwe hampi mama mkwe mkono. Hawali wakitazamana, hawatumii choo kimoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Nyumbani ni jambo jepesi, kuna shamba zima la kukwepania. Kwenye boti ya futi ishirini na nne, ukinyoosha miguu umeshagusa kila mtu.

Mchumba ndiye aliyenizindua kwa simu.

"Umefikiria choo?"

"Choo kipo."

"Sijauliza kama kipo. Nimeuliza kama umefikiria."

Nikaenda kupima upana wa boti, simu ikiwa bado sikioni.

Siku iliyofuata nilikwenda Grant Street, kwenye duka la mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge, unga na dagaa chini ya paa moja. Nikamwambia nataka pazia.

"Bon. Dirisha ni ngapi?"

"Si ya dirisha. Ni ya boti."

Akaacha mkasi. "Ya boti. Donc unafichaka nini?"

"Mama mkwe."

Akamwita jirani yake wa duka la kutuma pesa aje asikie kwa masikio yake. "Huyu Mukenya anaenda kufungia mama mukwe nyuma ya kitambaa, juu ya maji." Walicheka mpaka wateja wakaja kuangalia. Kisha akanichagulia kitenge chenye maua makubwa mekundu. "Chukua hii, papa. Akikasirika, aangalie maua."

Mama alilala Amherst, pembeni mwa Buffalo, kwa binamu yake, na asubuhi akafika gatini na mchumba wangu, amevaa gauni la kanisani na raba nyeupe. Alinipita kwa mbali, macho kwenye boti. Nami nikatazama saruji kama inavyotakiwa.

"Ni ya nani?" alimuuliza binti yake.

"Ni yake, mama."

"Ana karatasi?"

Nilikuwa nazo. Alipokwisha kupanda na kuketi nyuma ya pazia nililolitundika katikati ya boti, nikazipitisha chini yake. Alizisoma mbele na nyuma, akarudia, nami nasubiri upande wa pili kama mtahiniwa.

"Jina ni lake," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa kitu.

Basi tukaondoka, na sijawahi kuwa na furaha ya kijinga kama ile. Maji yalikuwa ya kijani, jua linamwagika, na kushoto kwetu magenge ya mawe meusi yamepangana tabaka juu ya tabaka kama chapati za harusi. Miti ilining'inia ukingoni na mizizi nje. Mahali pengine kijito kiliruka kutoka juu na kupotea hewani kabla ya kufika ziwani. Mimi nipo kwenye usukani na miwani ya jua, mama yuko nyuma ya maua mekundu, mita moja kutoka kisogoni kwangu, na mchumba yuko katikati, ameshika ukingo wa pazia.

"Mama anauliza kama hayo mawe huanguka."

"Mwambie huanguka, ndiyo maana tuko mbali."

"Anasema hatuko mbali sana."

"Mwambie nahodha ana diploma."

"Anasema hata yule wa Texas alikuwa nayo. Lakini nyinyi mnasikiana. Mimi nafanya nini hapa?"

"Wewe ni mnara wa simu."

Nyuma ya pazia kikatoka kicheko, kikageuzwa haraka kuwa kikohozi. Nilijisikia kama nimeshapewa mke.

Kuhusu choo, niliwaachia wao. Sikunywa hata tone la maji, na tulipofika Dunkirk nilifunga kamba moja tu kabla ya kutimua mbio kuelekea kwenye vyoo vya gati. Nililala kwenye hema juu ya nyasi, wao wakalala botini. Kabla ya hapo, jua likiwa bado juu, tulikula kuku kila mtu upande wake wa kitambaa, nami nikasimulia nilivyoifufua injini ile. Nilieleza tangu wale nyigu hadi skrubu ya mwisho. "Kila kipuri nimekibadilisha kwa mkono wangu," nilisema. Nyuma ya pazia nilisikia mama ameacha kutafuna.

Siku ya pili upepo wa magharibi uliamka nasi. Mawimbi ya Erie ni mafupi na ya hasira, kwa sababu ziwa lenyewe halina kina. Yalikuja ubavuni yakitusukuma kuelekea kwenye magenge. Mchumba wangu, muuguzi asiyetishika na damu, aligeuka rangi ya majivu na kuingia kijumbani na ndoo. Tulikuwa nusu ya njia injini ilipokohoa mara mbili, ikanyamaza.

Nilijua ni nini kabla haijanyamaza. Ilikuwa pampu ya mafuta. Kwenye paipu ya petroli, nyuma kabisa, kuna kipira cha mpira cha ukubwa wa ndimu. Pampu ikifa, unaweza kukiminya kwa mkono bila kuacha na injini ikaenda. Nilikimbia nyuma, mama akajibanza kwenye kona, nikaminya, nikawasha, ikawaka. Nikarudi mbele kushika usukani, ikafa. Boti ikageuza ubavu kwa mawimbi. Magenge niliweza sasa kuhesabu tabaka zake.

Nikapaza sauti: "Mwambie mama aje ashike usukani."

Kutoka kijumbani mchumba alinijibu kwa ndoo.

Hakukuwa na mnara tena. Nikavuta pumzi. "Mama. Naomba uje ushike usukani."

"Unaniambia mimi?"

"Wewe, mama. Mimi lazima nikae huko nyuma."

"Mimi naendesha trekta. Hii siijui."

"Ni trekta isiyo na breki."

Pazia likavutwa. Tulipishana kwenye njia ya upana wa kiti, kila mmoja akitazama pembeni, na hapo hapo wimbi likainua boti. Mama akashika mkono wangu kwa kiganja kizima, nami nikamshika nisimwachie. Tuliitazama ile mikono miwili. Kisha akaketi kwenye kiti changu, nami nikapiga magoti nyuma, nikaanza kuminya.

"Elekeza kwenye ule mnara mweupe wa taa kule mbele, mama."

"Nimeuona. Wewe minya."

Mara ya kwanza aliikata kona kama anayegeuza trekta mwisho wa shamba, tukalowa wote. Mara ya pili akalipanda wimbi kwa utaratibu, tukashuka nalo kama watoto kwenye mteremko wa matope. Nikasikia anaguna kwa raha.

"Si ulisema umebadilisha kila kipuri?" aliuliza bila kugeuka.

"Pampu bado, mama. Niliagiza. Haijafika."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Nilidanganya."

"Na ile nyumba ya ghorofa ninayoisikia?"

"Ni msingi tu kwa sasa. Ghorofa itakuja."

"Na ufundi mkuu?"

"Huo ni kweli. Ndiyo maana tunakwenda."

Alicheka waziwazi, kichwa nyuma, maji yakimdondoka kwenye nywele. Baadaye akaanza wimbo wa kanisani, nami nikawa naminya kwa mapigo yake. Vidole vilipokufa ganzi nilihamia mkono mwingine. Kulikuwa na boti ya tanga mbele yetu, akauliza kama ni lazima tukae nyuma yake. Nikasema si lazima. Akaipita kwa karibu sana, akampungia mwenyewe mkono. Kwa zaidi ya saa nzima nilikuwa kibarua ndani ya boti yangu mwenyewe, na sikutaka tufike.

Alikataa kuachia usukani mpaka tulipoingia nyuma ya ukuta wa bandari, ambako maji yametulia. Gatini nilifunga kamba, nikasogea hatua kumi na kutazama chini. Mchumba alitoka kijumbani ameshika kichwa. Mama alipanga gauni lake lililolowa, akamgeukia.

"Muulize huyu kijana. Tulishikana mikono, mimi na yeye. Kama ni mtu tu wa kutengeneza boti, hakuna lililotokea, nitampa asante na nitapanda ndege. Kama ni mkwe, amevunja mwiko, na mwiko huo hulipiwa kondoo, mbele ya wajomba, na wazee wake wakiwepo. Muulize ni lipi."

Mchumba alifungua mdomo, sikumngoja.

"Nimevunja mwiko, mama. Nimeuvunja kabisa."

Mama hakunitazama. Alichukua mkoba wake na kuanza kutembea kuelekea kwenye gari.

"Mwambie kondoo awe mnene," alimwambia binti yake. "Na asije akawaambia wajomba ni ng'ombe."