Ukungu wa Mama Chati
Mganga hajigangi, wanasema, na Mama Chati alikuwa ushahidi tosha. Miaka ishirini na miwili alipima macho ya watu katika kliniki moja, chumba kilekile chembamba, kiti upande huu na chati upande ule. Na miaka mitatu ya mwisho, asubuhi zake zote zilikuwa kama zimemwagiwa maziwa. Akiamka, dirisha linaelea. Taa ya jikoni inavaa duara la rangi, naye hukaa akiitazama kwa upole, kama mtu anayetazama mtoto aliyelala. Ikifika adhuhuri ukungu hujiondokea wenyewe.

"Mama, chai unaimwagia meza," binti yake alimwambia siku moja.

"Meza nayo ina kiu," akajibu.

Ugonjwa aliujua. Ameuandika mara nyingi kwenye mafaili ya wengine: utando wa ndani wa konea, kile kioo cha mbele cha jicho, huchoka kutoa maji, basi mtu akilala jicho linavimba na asubuhi haoni sawasawa. Mama yake mzazi naye alikuwa mtu wa kuona mchana tu, hadi mchana nao ukamkimbia. Hilo ndilo lililomfunga mdomo. Aliogopa kuambiwa, na zaidi aliogopa kuondolewa kazini, maana nje ya chumba kile hakujua angekuwa nani.

Na chumba kilimsitiri. Chati yake ilikuwa ya herufi moja tu yenye miguu mitatu, imegeuzwa huku na huku, na mgonjwa huonyesha kwa mkono miguu inakoelekea. Aliijua kama wimbo wa kubembelezea: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Hata wafanyakazi walipopimwa kila mwaka, yeye aliimba tu, akapita. Hakujiita mwongo. Alijiita mzoefu.

Kazi yake hasa ilikuwa kuwafuatilia waliofanyiwa leza wakaachana na miwani, aone kama macho yametulia. Jumanne moja, saa mbili asubuhi, akaingia dereva wa lori aliyetimiza mwaka tangu leza yake, anacheka hata kabla ya salamu.

"Shikamoo mama. Siku hizi naona mpaka dhambi za watu."

"Marahaba. Kaa hapo, tuone kama unaziona na zako."

Akaweka fimbo kwenye safu ya nne. Dereva akaelekeza mkono chini.

"Hapana, mwanangu."

Kushoto.

"Hapana."

Hapana zikafuatana, safu kwa safu, na kalamu ya Mama Chati ikaanza kuandika kwenye faili kwamba leza imeshindwa. Kicheko cha dereva kilikuwa kimekwisha.

"Mama, leseni yangu iko kwenye hicho kipimo. Wanangu wanakula usukani," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini haki ya Mungu naona. Naona mpaka maandishi madogo kule chini kabisa. Yanasema chati yenyewe imechapwa mwaka huu."

"Mwaka huu?"

Mama Chati akainuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Karatasi ilinukia wino mpya. Walikuwa wameibadilisha jana, siku yake ya mapumziko. Safu ya nne: chini, kushoto, juu. Kijana wa watu alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Angeweza kucheka, akasema alikuwa anamtania. Angempitisha, kisha mchana, ukungu ukishaondoka, ajifunze wimbo mpya, na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimjia tamu kabisa. Kisha akamtazama yule dereva, kivuli tu kitini, mikono imeshika magoti, akaona aibu iliyomshinda.

"Wewe unaona vizuri," akasema, akikata alichoandika. "Asiyeona ni mimi."

Dereva alinyanyuka, akaichukua fimbo mkononi mwake taratibu, akamkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, kiti ambacho hakuwahi kukikalia bila jibu mdomoni. Akaenda kwenye chati.

"Hii hapa, mama. Miguu inaelekea wapi?"

Mbele yake palikuwa na weupe tu, na kijivu kinachoyeyuka. Wimbo wa zamani ukampanda ulimini wenyewe. Akaumeza.

"Sioni."

Machozi yakamtoka, ya aibu na ya kutua mzigo, yote kwa pamoja.

"Nenda kamwite daktari," akasema. "Mwambie mgonjwa wa kwanza leo ni mimi."